Dada, maharage yale hayakuwa ya kupika

Dada yangu, shikamoo.

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia picha. Ndoo tatu za rangi kwenye kibaraza chenu cha Tabata, kila moja ina mashina mawili ya maharage, majani yamenawiri, maua meupe. Sakafuni maua mengine yamelala kama mchele uliomwagika. "Mjomba, mbona yanapukutika? Mama anasema labda ni mbolea." Nilimjibu neno moja tu: joto. Mengine nakuandikia wewe, hapa, kwa sababu simu yangu huipokei na Krismasi mbili zimepita hujapanda basi la Moshi.

Si mbolea, dada. Maharage ni mmea wa baridi. Mchana ukipita nyuzi 30 na usiku usishuke chini ya 20, chavua inaharibika na ua linaanguka kabla halijashika. Dar ya Januari haipoi hata usiku wa manane. Ukiongeza samadi utapata majani ya kupendeza na kanda, ile mifuko ya punje, usione hata moja. Humo kwenye ndoo panda kunde, hizo joto haliziogopeshi, au bamia, au mchicha. Maharage yasubiri Juni, upepo ukishapoa. Na usimwagilie jioni majani yakalala na maji.

Najua utasema nimeanza. Tangu tukiwa wadogo unasema mimi nikifungua mdomo ni kufundisha. Lakini nani alibaki kufundishwa? Ninyi wanne mlishuka mlima mmoja mmoja, mimi kitinda mimba nikabaki na nyumba ya mama, kihamba, yaani shamba la ukoo, na zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu, saa kumi alfajiri. Silalamiki. Nilipenda kubaki. Ila aliyebaki ndiye anayejua kitu gani kilikuwa wapi mle ndani na kwa nini.

Unayakumbuka maharage ya mama, yale yanayopanda mti mpaka yafike kwenye majani ya mgomba. Meupe, jicho jekundu. Kwenye kiburu hayana mpinzani. Uliwahi kuniambia kwamba unapika kiburu huko Dar na hakitoki kama cha nyumbani, ukalaumu ndizi. Mshare ni ule ule, dada. Mama alichemsha maharage kwanza mpaka yalegee, ndipo akapanga ndizi zilizomenywa juu yake, magadi kidogo, akafunika na jani, na zikiiva akaponda kwa mwiko akivutia upande mmoja. Uzito ule ulitoka kwenye maharage, ganda lake laini halibaki mdomoni.

Lakini yalimchosha. Yanachelewa, yanataka miti, na mgongo wa mama haukuwa tena wa kukata miti. Mwaka 2017 nikamwambia tutayafanya mafupi. Nilitafuta Lyamungo 90, ile mbegu fupi iliyotoka kwenye utafiti wa hapa hapa Lyamungo, tukapanda mistari miwili jikoni kwa nyuma. Dada, natamani ungeona ile kazi. Unachagua ua la kesho, ambalo bado limefumba. Unalifungua kwa kibano cha nyusi, unang'oa vichavua vyote kumi kabla havijapasuka, kisha unachukua ua la baba, yaani la Lyamungo, lililofunguka leo na kusugua chavua yake hapo. Unafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Maua 30 nilifunga uzi, yaliyoshika ni manne. Mama alikuwa anakwenda kuyatazama kila asubuhi baada ya misa, kabla hata ya kuvua kitambaa.

Zilipokauka kanda zile nne, alizibambua akakunja uso. "Mbona ni yale yale yangu?" Punje nyeupe, jicho jekundu. Nikamweleza: kiini cha ndani kina baba na mama, lakini ganda linaloifunika punje ni mwili wa mama. Ukitaka kumwona baba, uipande, usubiri msimu mwingine. Alikaa kimya akizigeuza kiganjani. Akasema, "Basi ganda ni langu."

Vuli ile yakatoka yote ya kutambaa, yote ya madoadoa, tukadhani tumepoteza. Masika ya 2018 tukapanda mbegu zake, mashina 96, na hapo ndipo yalipofunguka. Kila shina na rangi yake: kahawia, zambarau, ya michirizi, nyeupe. Mafupi yalikuwa 22, karibu robo, kama alivyohesabu Mendel kwenye njegere zake na kuchapisha mwaka 1866. Mama alipojua Mendel alikuwa mtawa, alifurahi kana kwamba ni wa parokia yetu. Kati ya yale mafupi, matano tu ndiyo yaliyotoa punje nyeupe zenye jicho jekundu. Matano katika 96.

Tukachukua hayo matano na mengine tisa yaliyotupendeza kwa sababu nyingine, tukayapanda kila msimu, masika na vuli, kila moja mstari wake, tukiondoa lenye ugonjwa wa kutu, lenye kuchelewa, lenye kurudia kutambaa. Mama ndiye aliyekuwa hakimu wa jikoni. Punje hamsini hamsini kwenye sufuria ndogo, anatoa moja, anaibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, anapuliza, anaonja. Ni yeye aliyechagua namba tisa. Shina linafika gotini, linakomaa wiki tatu kabla ya yale ya zamani, na kwenye chungu ni yeye mtupu.

Misimu 13. Chupa 14 za maji, za nusu lita, punje zimechanganywa na majivu zisibunguliwe, na juu ya kila chupa kipande cha plasta nyeupe chenye mwandiko wake. Uvunguni mwa kitanda chake.

Sasa ile jioni ya kuamkia mazishi ya mama.

Mimi nilikuwa chini kwenye migomba na vijana, tunachimba. Basi la kutoka Dar likafika saa mbili usiku na watu zaidi ya tuliowategemea. Nilipanda kuchukua taa. Harufu ya maharage nilianza kuisikia tangu kwenye njia. Nikapita jikoni, ungo umeegemezwa ukutani, una majivu. Kwenye kiroba cha taka, chupa. Nilizitoa moja moja nikazisimamisha chini, nikazihesabu mpaka 14, mwandiko wa mama unanitazama kwenye kila moja. Nikafunua sufuria. Unajua maharage yakiiva yanapoteza rangi. Michirizi, madoa, macho mekundu, yote yalikuwa yameshakuwa kahawia moja.

Wewe ulikuwa umejifunga khanga kiunoni, upawa mkononi, unapakua. Nikasema, "Umempika mama."

Sikusema kwa sauti ndogo, najua. Wanajumuiya waliokuwa wakiimba walikatisha katikati ya wimbo. Upawa ulikuponyoka. Ukaniambia, "Watu wana njaa," basi, ukauokota, ukaufuta kwa khanga, ukaendelea kupakua. Kesho yake ulisimama upande ule mwingine wa kaburi.

Neno lile nimelirudia usiku mwingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia. Halikuwa neno la kumwambia mtu aliyefiwa na mama siku tatu tu zilizopita, tena mbele za watu. Kwa hilo naomba unisamehe. Lakini ukisema ulidhani ni mboga tu, hilo sikubali, dada. Krismasi ya 2021 ulikaa nasi mezani ukachambua namba nne kwa mikono yako. Mama alikueleza. Nani anahifadhi mboga kwenye chupa 14 zenye namba? Mbona kwenye stoo kulikuwa na debe la mahindi na maharage ya duka nusu gunia? Na kama mama angekuwa mtu wa kutia dawa ya wadudu kwenye mbegu, kama wengi wanavyofanya, tungezika wangapi wiki ile? Ulionja kwanza wewe. Nikifikiria hilo moyo unaniruka mpaka leo.

Watu wameniuliza kwa nini sikugawa. Shangazi ameniuliza, paroko ameniuliza. Benki ya mbegu ya taifa iko Arusha, kilomita 80 tu kutoka hapa, ningeweza hata kwenda kuuliza. Mama mwenyewe alitaka kila jirani apewe kiganja. Ni mimi niliyekataa. Nilisema bado, hazijatulia, msimu mmoja zaidi, watu wakizichanganya watasema mbegu ya yule kijana ni mbovu. Nilitaka ziwe kamili kwanza. Ukitoa kitu kibichi hukirudishi, ndivyo nilivyofikiri, na sidhani nilikosea kwa wakati ule. Mama alikuwa mzima. Alikuwa bado anakwenda sokoni kwa miguu.

Tangu hapo nimeanza upya. Maharage ya zamani ya kutambaa yapo, Lyamungo ipo. Masika yaliyopita nilifunga nyuzi nyekundu 40, yakashika sita. Nikienda vizuri, nitafika tulipokuwa nikiwa na miaka 50, na hakuna wa kubonyeza punje.

Sasa ile picha. Nimeikuza mpaka ikavunjika. Kando ya ndoo ya kati kuna kikombe cha bati, ndani yake punje saba au nane, nyeupe, jicho jekundu. Mwanzo nilijiambia ni yale ya zamani, labda mama alikupa zamani hizo. Halafu nikatazama mashina. Maharage ya zamani kwa umri ule yangekuwa yameshashika nondo za dirisha. Hayo yako yako gotini, yamesimama bila mti, na tayari yana maua. Hakuna duka linalouza hayo, dada. Hayakutoka popote isipokuwa uvunguni mwa kitanda.

Kwa hiyo kabla hujamimina, ulichota. Au ulizitoa kwenye ungo ukizipeta, ukafunga kwenye pindo la khanga. Mimi nikakuita vile na wewe ulikuwa nazo mwilini, ukanyamaza. Miezi kumi na saba umenyamaza. Kwa nini? Ulikuwa unaniadhibu, au ulikuwa unazitunza? Nikiwaza la kwanza nakasirika, nikiwaza la pili nashindwa kula.

Usizipande zaidi huko, zitaisha kwa joto. Zilizobaki kwenye kikombe zitoe, zifunge kwenye karatasi, si kwenye nailoni, zisije zikaota ukungu. Itazame kila punje: namba tisa jicho lake lina mkia mdogo unaoelekea upande mmoja, kama koma. Hata zikiwa tatu zinatosha. Huku tunapanda wiki ya kwanza ya mvua, katikati ya Machi, na udongo wa nyuma ya jiko nimeshaulima. Mpe dereva wa basi, au mpe mpwa wangu aje nazo.

Au njoo nazo mwenyewe. Mshare wa pale kando ya kaburi umebeba, utakuwa tayari wakati huo huo.