Majina mgongoni mwa fulana

Muncie, Indiana
Februari

Baba, shikamoo.

Mama naye mfikishie shikamoo yake, na umwambie dawa ya mguu nimeshamkabidhi mtu anayekuja mwezi ujao. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo inatutesa. Juzi natoka zamu ya usiku ghalani nakuta gari limekataa kuwaka. Nilisimama nje karibu saa nzima namsubiri jamaa tunayefanya naye kazi aje kunibusti betri, hadi masikio yakawa kama si yangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ile ya kwanza nilikuwa nacheka tu, nakuona barazani na miwani yako, fulana mbili zimetandazwa mkekani, unalinganisha majina ya vyuo vya ligi ya mpira wa wavu yaliyoandikwa mgongoni, kama unasahihisha mtihani wa darasa la saba. Halafu lile swali: "Hamisi, hiyo ligi inafukuza watu?" Fulana zenyewe, nikwambie ukweli, zote nilizitoa duka la mitumba la hapa. Ndiyo, huku nako mitumba wanavaa. Ya kijivu ni ya zamani kidogo, nyekundu ni ya juzijuzi, ndiyo maana hazifanani. Wacha nikujibu kwa urefu, maana najua jibu fupi litarudi na maswali mengine kumi.

Ligi inaitwa MIVA, ni chama cha mpira wa wavu cha vyuo vya upande huu wa katikati ya Marekani. Wavulana tu. Imeanzishwa 1961, mwaka wetu wa Uhuru, Baba. Na aliyeihangaikia ni mwalimu wa michezo kama wewe, Don Shondell, wa chuo hiki hiki cha Muncie, Ball State, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo cha ualimu. Usidhani jina linatokana na mpira. Ball ni ukoo wa ndugu waliotajirika kwa viwanda vya chupa za kuhifadhia matunda. Walinunua majengo na uwanja wa chuo kilichokufa, wakaikabidhi serikali ya jimbo mwaka 1918. Mpaka leo ukienda kwa mzee yeyote wa hapa utakuta chupa yenye jina lao kabatini, humo kaweka misumari au vifungo.

Shondell alifundisha timu ya Ball State kuanzia 1964 hadi 1998, akashinda mechi 769. Mwalimu mmoja, chuo kimoja. Ukumbi wa mazoezi umepewa jina lake. Nilipoambiwa habari hizi niliwaza Korogwe, wewe na filimbi yako shingoni, unachora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni na Mama anagomba kwamba majivu hayo alikuwa anayataka kwa masufuria.

Sasa elewa jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinichukua mwaka mzima. Huku chuo kinakuwa na ligi yake ya nyumbani, ambako mpira wa kikapu na michezo mingine mikubwa inachezwa. Ohio State yuko kwa wakubwa wenzake, ligi ya Big Ten. Ball State ana yake, Loyola wa Chicago ana yake, Lewis na Quincy wako daraja la pili kabisa. Lakini hizo ligi za nyumbani nyingi hazina wavu wa wavulana, kwa sababu vyuo vyenye timu hizo ni vichache mno. Basi wenye nao wakatafutana. Ni kama chama chetu cha kufa na kuzikana pale mtaani: huyu Msambaa, huyu Mbondei, huyu kaja na reli kutoka Kigoma, huyu tajiri na yule muuza vitumbua, hawana ukoo mmoja, ila siku ya msiba wanajulikana kuwa ni wamoja. Ndiyo maana umeona ajabu chuo cha wanafunzi zaidi ya 60,000 kama Ohio State kikipangwa na Quincy, kichuo cha kando ya mto Mississippi ambacho wanafunzi wake hata elfu mbili hawafiki. Na siku nyingine mkubwa anatoka jasho kwelikweli.

Tuje kwenye fulana. Yale maandishi IPFW kwenye ya kijivu, na Purdue Fort Wayne kwenye nyekundu: hakufukuzwa mtu hapo. Ni mtoto yule yule. Chuo cha Fort Wayne kilikuwa kinaendeshwa na vyuo vikuu viwili kwa pamoja, Indiana na Purdue; mwaka 2018 wazazi wakaachana, sehemu kubwa ikabaki kwa Purdue, na jina likabadilishwa. Kwa jina lile la kwanza waliwahi kufika fainali ya taifa, 2007, wakafungwa na UC Irvine, chuo cha California.

Grand Canyon, chuo ulichokiona kwenye ya kijivu na hukukiona kwenye nyekundu, ndiye aliyeondoka kweli. Nawe macho yako bado makali, maana umefungua atlasi ukaona Phoenix iko jangwani, Arizona. Ni kweli, kutoka hapa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,500. Kuiita timu ya Arizona ya "kati" ni sawa na kuwaita watu wa Sumbawanga wa pwani. Alikuwa hana pa kukaa huko kwao, akakaribishwa huku, akawa anasafiri. Halafu upande wa magharibi kukatokea mtikisiko. Kulikuwa na ligi kubwa ya huko, MPSF, yenye vigogo karibu wote: UCLA, Stanford, BYU, Hawaii, Long Beach State na wengine. Mwaka 2018 ligi ya Big West ikaamua kuwa na wavu wake wa wavulana, na Hawaii, Long Beach State, Irvine, Santa Barbara na Northridge wakarudi kwao huko.

Hapo ndipo pana siri ya majina yote ya mgongoni, nayo ni hesabu ya sita. Ligi ikiwa na timu sita, bingwa wake anapata tiketi ya moja kwa moja kwenda kwenye mashindano ya taifa. Wakiwa watano, hana. Big West walikuwa na watano wao wenyewe, wakamwita UC San Diego awe wa sita. MPSF nao baada ya kukimbiwa wakawa wanaokota wa kuziba pengo, na Grand Canyon akawa mmoja wao. Kwake ilikuwa afueni, maana California ni jirani. Kwa hiyo ukiona jina limeongezwa kwenye fulana usidhani ni mapenzi tu, mara nyingi kuna mtu alikuwa anahesabu vidole.

Habari yake Grand Canyon haikuishia pazuri, Baba. Mwaka 2024 walifika nusu fainali ya taifa. Mwaka uliofuata chuo kikatangaza kwamba timu inafutwa, itabaki ya klabu tu, vijana wachangishane wenyewe. Mwaka mmoja tu! Nilimuuliza yule mwenzangu wa ghalani, ambaye kijana wake anacheza shuleni, kwa nini huku timu za wavulana zinafutwa hivi. Akasema ni fedha, na sheria. Tangu 1972 kuna sheria kwamba chuo kinachopokea fedha za serikali kisibague wanawake, hata kwenye michezo. Sheria nzuri, na mabinti wamefaidika. Timu za wavu za wasichana huku ni nyingi ajabu. Ila mpira wa Kimarekani unabeba wavulana wengi na fedha nyingi, na hakuna mkuu wa chuo anayethubutu kuugusa. Basi hesabu za usawa zikikaza, anayekatwa ni mdogo wao: mieleka, kuogelea, wavu. Mimi sikubali kwamba sheria ndiyo mkosaji. Mkosaji ni yule asiyeguswa.

Na hapo nimjibu Shabani, najua anasoma nyuma ya bega lako. Mdogo wangu, kuja huku kwa wavu inawezekana, lakini usiuze baiskeli. Kwa miaka mingi timu nzima ya wavulana ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili wa watu wanne na nusu. Nusu, ndiyo. Kocha anaugawa vipande vipande kwa vijana kumi na kitu, huyu ada kidogo, huyu chumba. Sasa taratibu zimebadilika kwa vyuo vilivyokubali makubaliano mapya, lakini fedha hazijaota miguu zikaufuata wavu. Soma kwanza. Hesabu yako ya mwaka jana niliiona.

Unajua kilichonifurahisha zaidi, Baba? Mashindano ya taifa yalipoanza 1970, pale UCLA, timu zilikuwa nne: tatu za California, na ya nne Ball State, wanafunzi wa Shondell. UCLA wakachukua. Baada ya hapo kombe halikutoka California hadi 1994, Penn State walipouvunja mwiko huo, nao ni wa mashariki. Hawa wa kwetu MIVA walikuwa wanafika, wanapongezwa, wanarudi. Mwaka 2003 Lewis wakashinda, chuo cha daraja la pili, watu wakalia. Baadaye kombe hilo likafutwa kwa sababu ya wachezaji wasiostahili. Ohio State ndio waliolipata la kubaki, 2011. Halafu mlango ukafunguka: Loyola 2014, tena ukumbini kwao Chicago, Loyola tena 2015, na fainali hiyo walicheza na Lewis, majirani wawili wa ligi moja wamesafiri mpaka California kupigana seti tano, Ohio State 2016 na 2017. Makombe manne mfululizo kwa chama cha kufa na kuzikana.

Jumamosi nilikwenda Worthen Arena. Ukumbi una viti 11,500, sisi hatukujaza hata kona, kwa hiyo unasikia kila kitu: raba zinavyolia sakafuni, seta anavyoita, kocha anavyokohoa. Kijana wa servisi aliurusha mpira juu, akakimbia hatua nne, akaruka, na mlio wa kiganja chake ukarudi kutoka kwenye paa. Upande wa pili libero, yule mfupi mwenye jezi ya rangi tofauti, akaanguka kifudifudi akaunyanyua kwa mkono mmoja. Wakatoka watoto wawili na mataulo, wakafuta jasho lake sakafuni kwa magoti, haraka, kama wanafuta chozi la mgeni. Nilikuwa nimesinzia kwa zamu ya usiku, nikazinduka kabisa. Mzee wa kiti cha mbele akageuka akaniuliza kama niliwahi kucheza. Nikamwambia nilicheza UMISSETA, wavu wetu ulikuwa wa kamba ya katani, alioufuma baba yangu kwa mkono, na nguzo zilikuwa za miti ya mkonge. Hakujua mkonge ni nini. Nikaeleza, mpaka seti ikaisha.

Nimenunua wavu, Baba. Mzima, wa mita 9.5, una mkanda mweupe juu. Utakuja na dawa ya Mama. Nguzo itabidi mbadilishe, mkonge hautastahimili ukivutwa kwa waya. Mwambie fundi wa Manundu akukatie bomba mbili, na katikati upime mita 2.43, si kwa fimbo yako ile, kwa futikamba.

Ule wa katani usimpe mtu akafungie mbuzi. Uninginize stoo, nitauchukua nikija.

Wasalimie wote, na shangazi usimsahau.

Mwanao,
Hamisi