Printa za 3D ziingie karakana za vipuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu viwanda vya Kanda ya Kati. Kwetu printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka kwa kufuata mchoro wa kompyuta, bado huonekana zaidi kwenye mabanda ya maonesho, ikitoa vinyago vya plastiki, wageni wakapiga picha na mambo yakaishia hapo.

Teknolojia hiyo imekwisha kuvuka hatua ya sampuli. Mmarekani Chuck Hull alipopata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya teknolojia hiyo mwaka 1986, faida iliyotazamiwa ilikuwa mbunifu kushika umbo la kitu mkononi kabla kiwanda hakijagharimia kalibu, yaani chombo cha kuumbia bidhaa. Leo ndege za Boeing 737 MAX 9 za Air Tanzania zinaruka kwa injini za LEAP, ambazo pua zake za kunyunyizia mafuta hutengenezwa kwa kuyeyusha unga wa metali kwa leza, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likiwa jembamba kuliko unywele. Pua ambayo zamani iliunganishwa kwa vipande takriban 20 sasa ni kipande kimoja, tena chepesi zaidi kwa asilimia 25, na hadi Oktoba 2018 kiwanda cha kampuni ya GE cha Auburn, Alabama, Marekani, kilikuwa kimekwisha kutoa pua 30,000.

Siri iko kwenye hesabu. Kalibu ya chuma ni ghali, na gharama yake hupungua pale tu inapogawanywa kwa maelfu ya bidhaa zinazofanana, ilhali printa haihitaji kalibu, hivyo kipuri cha kwanza na cha hamsini hugharimu karibu sawa. Mwenye kiwanda cha vifuniko vya chupa hana haja nayo. Anayeihitaji ni mwenye mashine ambayo vipuri vyake havipatikani tena. Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, limekuwa likichapa vipuri vya treni tangu 2015, jambo la kutafakari sasa ambapo treni ya SGR inafika Dodoma.

Hata hivyo, ningeanza na wakamuaji wa alizeti wa Dodoma na Singida. Skrubu inayosukuma mbegu ndani ya mashine hulika kwa msuguano, na ikilika, mafuta hubaki kwenye mashudu. Sishauri tukimbilie printa za metali, maana bei yake ni kubwa mno na unga wake unahitaji gesi maalumu na tahadhari ya moto. Umbo la skrubu lichapwe kwa plastiki kwenye printa ndogo, lifukiwe mchangani kama mafundi wa kusubu wanavyofanya na umbo la mbao, litolewe, kisha chuma kimiminwe kwenye nafasi liliyoacha na kukerezwa. Lichapwe kubwa kidogo, kwani chuma cha kusubu husinyaa kwa takriban asilimia 1 kinapopoa.

Kwa maoni yangu, tunachopungukiwa zaidi ni michoro na upimaji, wala si printa. Skrubu ikishapimwa na kuchorwa kwenye kompyuta, karakana yoyote inaweza kuitumia, ili mradi ugumu wa chuma kilichotoka upimwe kabla ya kuuzwa. Naomba SIDO (shirika la viwanda vidogo), VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na Chuo Kikuu cha Dodoma waanzishe kwa pamoja hazina ya michoro hiyo, na kila taasisi inayonunua mashine kwa fedha za umma idai michoro ya vipuri ndani ya mkataba, kabla ya kusaini.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma