Mdogo wangu, hiyo siyo malaria

Mdogo wangu,

Jina lako siliandiki hapa, utajijua mwenyewe ukifika mstari wa tatu. Tangu jumatatu nakupigia hushiki, nikikuandikia WhatsApp unanitumia dole gumba basi, ndiyo maana naandika mbele ya watu wote, na pia juu najua hauko peke yako, pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kuna vijana wengine wanaorusha vindege vya moteri moja kwenda Pweto, Kilwa, Moba, Manono, na kama mmoja wao anaumwa kichwa kama wewe basi barua hii ni yake pia.

Jumapili tulikuwa kwa mama kule Katuba. Bukari iko mezani, lengalenga, tomsoni ya kukaanga, vitu unavyopenda, na wewe ukala matonge mawili ukasukuma sahani. Mama akakuuliza, ukamwambia ni palu tu, malaria, imenishika tangu mwezi wa sita, nikitua asubuhi kichwa kinapasuka, jioni kinaacha. Halafu ukacheka, ukasema siku hizi abiria wako hawasumbui hata kidogo, ndege ikishapaa wanalala wote kama watoto wachanga. Mezani wote walicheka. Mimi yaya wako, mkubwa wako, tonge lilinikwama, na sikusema kitu juu presha ya mama unaijua.

Malaria gani hiyo inayokuja na kupaa kwa ndege na kuondoka jioni? Umepimwa mara mbili, mara mbili hawakukuta kitu, ukameza dawa hivyo hivyo. Na imeanza lini? Imeanza baridi ilipoanza, zile asubuhi za Lubumbashi ambazo mtu anatoka na koti mbili na majani yana ukungu mweupe. Yaani imeanza siku ulipoanza kuvuta kile kishikio cha shofaji, joto la ndani ya ndege.

Wewe unajua shofaji ya ndege ndogo inavyofanya kazi, lakini wacha nieleze wengine waelewe. Hakuna mashine ya peke yake ya kuleta joto. Hewa ya nje inaingia mbele, inazunguka lile kopo la bomba la moshi, silansie, ambalo limevalishwa koti la bati, inapata joto pale katikati ya kopo na koti, ndipo inakuja kwenye miguu yako. Kopo likiwa zima, unapata hewa safi yenye joto. Kopo likipata ufa, hata mdogo kama ukucha, moshi wa moteri unaingia pamoja na joto, na ndani ya ule moshi kuna kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unavuta pumzi vizuri kabisa, kifua kinapanda kinashuka, na mwili unakosa hewa. Luano yenyewe iko mita 1,300 hivi, ukipanda mpaka 2,500 oksijeni ilishapungua hata bila moshi. Halafu ukitua, ukakaa kivulini ukipumua hewa ya kawaida, inachukua kama masaa manne matano sumu ipungue nusu. Ndiyo maana jioni uko mzima na unafikiri ile dawa ndiyo imefanya kazi.

Kichwa, kichefuchefu, usingizi. Usingizi mdogo wangu! Wale abiria wako, siyo kurusha kwako vizuri kunakowalaza. Nimewaza juu yao wiki nzima, yule mama na mtoto mgongoni anayerudi Pweto, anasinzia saa mbili asubuhi wakati amelala usiku kucha.

Wewe ni mtu wa mpira, Mazembe ikipoteza hata chai hunywi, kwa hiyo Emiliano Sala unamkumbuka. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 2019, alitoka Nantes kwenda Cardiff kwenye Piper Malibu, moteri moja kama yako, usiku. Kabla ndege haijapotea juu ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, aliwatumia rafiki zake ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp akisema ndege inaonekana kama inataka kuvunjika vipandevipande. Tulisikiliza sote. Kitu ambacho wengi hawakufuata ni uchunguzi uliokuja baadaye: damu ya Sala ilikutwa na kaboni monoksidi asilimia 58, na wachunguzi wakaona piloti naye yaelekea alishalewa ule moshi, wakaielekeza lawama kwenye mfumo wa bomba la moshi. Kijana wa miaka 28. Aliyepanga ile safari alifungwa miezi 18 mwaka 2021, lakini hiyo haikumrudisha mtu.

Sasa nikuambie jambo langu ambalo sijakuambia hata siku moja, wewe unafikiri niliacha ufundi wa ndege juu ya mshahara. Sikuacha juu ya mshahara. Kuna asubuhi moja nilifungua kifuniko cha moteri nikaona unga wa kijivu, laini kama majivu ya sigara, umekaa pale bomba la moshi linapoungana na silansie. Fundi yeyote anajua huo unga ni nini, ni alama kwamba moshi unapita pasipo pa kupita. Nikamwambia patroni. Akasema pyesi ya kubadilisha ilishatumwa kutoka Afrika Kusini, imekwama mpakani Kasumbalesa, ndege itembee leo tu, kesho tutaona. Nikachukua kitambaa chenye petroli nikaupangusa ule unga. Mikono yangu hii hii. Piloti aliporudi alishuka akakaa kwenye nyasi kando ya bawa, uso umekuwa mwekundu, akatapika, na watu wote tuliosimama pale tukasema palu. Na mimi nikasema palu! Alipona, Mungu ni mwema, lakini mimi kila nikishika kitambaa na petroli naiona ile asubuhi, na ndiyo maana leo natengeneza jenereta.

Kwa hiyo usiniambie yaya unaogopa bure.

Na kile kikaratasi chako nilikiona. Ulikitoa mfukoni ukitafuta namba ya simu, ukakiweka mezani, nikakisoma. Alternata, ile ya kuchaji betri, inakatika. Magneto ya kulia, moja ya zile mbili zinazowasha mafuta ndani ya moteri, inashuka 200, yaani mizunguko ya moteri kwa dakika. Geji ya mafuta ya kushoto inadanganya. Umeandika kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, na daftari lenyewe la ndege, nina hakika, ni safi, limeandikwa hakuna tatizo siku zote, juu ukiandika mle ndani ndege inasimama na ikisimama hakuna safari na bila safari hakuna franga. Ninaelewa, nyumba ninaijua, ada za watoto ninazijua.

Lakini angalia unavyoishi na hayo matatizo. Alternata ikifa unasema sawa, magneto zinajitengenezea umeme wake, moteri haitazima, nitazima redio moja nihifadhi betri. Geji inadanganya, unapima tanki kwa kijiti na unahesabu dakika. Magneto ya kulia imechoka, na kitabu cha ndege yako, Cessna 206, kinasema isishuke zaidi ya 150, unasema ya kushoto ipo. Kila kimoja umekipatia dawa, na dawa yenyewe ni wewe. Ni kumbukumbu yako, ni hesabu yako, ni macho yako. Vyote umevitundika kwenye kichwa chako, na hicho kichwa ndicho moshi unakilewesha kila asubuhi. Siku ukungu utashuka kwenye mlima wa Kundelungu, betri imeisha, unatakiwa kukumbuka uliondoka na dakika ngapi za mafuta, na wewe unaona raha tu na usingizi unakuja, nani atahesabu?

Nakuomba mambo ambayo hayahitaji pesa ya patroni. Shofaji usiivute tena, vaa koti, vaa soksi mbili, fungua matundu ya hewa hata kama baridi inakata. Chukua kalamu ya wino, uandike kwenye daftari la ndege: kuumwa kichwa ndani ya ndege, silansie ichunguzwe. Kipimo chenyewe ni rahisi, wanatoa lile koti la bati, wanasukuma hewa kidogo ndani ya bomba, wanapaka maji ya sabuni, povu likitoka pale ndipo penye ufa. Nitakuja mwenyewe na ndoo na sabuni, hata jumapili, sidai kitu. Na patroni akikwambia ruka, sheria ya anga ya dunia nzima inasema ndege ikiwa mikononi mwa kamanda wake, kamanda ndiye anayeamua. Mwenye ndege hayupo kwenye hiyo sentensi. Atakasirika, najua. Atatafuta piloti mwingine, labda. Basi huyo piloti naye asome barua hii.

Kuna kitu nimekuachia kwa mama, kwenye kabati la vyombo, nyuma ya termosi. Ni kidude kidogo cha kupima kaboni monoksidi, kina betri, kinalia kwa nguvu, nimekijaribu karibu na bomba la jenereta na kikapiga kelele mpaka jirani akatoka nje. Mama nimemwambia ni saa yako. Una safari ya Pweto alhamisi, pita ukichukue jumatano jioni, ukibandike mbele yako pale unapokiona. Na kabla ya hapo shika simu.

Yaya wako