Java au Kotlin: kikao Jumamosi

Habari za jioni wanatimu. Jumamosi saa 4 kamili asubuhi tukutane palepale Mwanga, tuamue lugha ya kompyuta ya kuandikia programu yetu ya simu ya wauza dagaa wa Kibirizi, Kigoma: Java au Kotlin.

Mimi naegemea Kotlin. Google waliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, inaelewana na msimbo wa Java tulioandika tayari, na inakulazimisha useme mapema kama namba ya mteja inaweza kukosekana. Hapo ndipo programu yetu inapozimika kila mara! Ila wenzetu wengi wamezoea Java, na ninataka sana kuwasikia.

1. Njooni na laptopu zenye chaji.
2. Chai na bando: sh. 3,000, mwisho Ijumaa jioni.

Tafadhali thibitisheni hapa leo, na mwenye udhuru aseme.