Kikao cha Jumatano kimesogezwa hadi Alhamisi

Wanakikundi wa Sosholojia, habari za jioni. Poleni na majukumu.

Kikao chetu cha mtandaoni sasa ni Alhamisi saa 3:00 usiku, maana wenzetu wawili wana zamu kazini Jumatano. Linki nitaituma saa 2:30.

1. Mada ni ukosefu wa ajira kwa vijana. Someni ile tofauti ya mwanasosholojia C. Wright Mills (1959) kati ya shida ya mtu binafsi na tatizo la jamii. Kijana mmoja akikosa kazi, tutamwangalia yeye. Wahitimu wa mtaa mzima wakiwa vijiweni, tunauangalia uchumi wenyewe.
2. Kila mtu aje na mfano aliouona kwa macho yake, siyo wa kunakili. Wangu ni kinyozi wa hapa Mbagala: shahada yake ya ualimu ameitundika juu ya kioo.
3. Bando la katibu anayepakia kazi yetu: sh. 2,000 kila mmoja kwa mweka hazina, mwisho Jumatano mchana.

Naomba uandike NIPO au SIPO kabla ya kesho saa 12:00 jioni. Dada mwenye kichanga, ingia tu, kelele zake tumeshazizoea.