Mama zetu watatu wanasubiri nauli ya Ocean Road

Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, ndugu na majirani wa Makorora na wana Tanga popote mlipo.

Tunaandika kwa haya, maana juzijuzi tu tumewagongea kwa ajili ya sanda na mchele wa msiba, na mkatoa. Safari hii tunawachangia walio hai: mama watatu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, wote wana saratani ya shingo ya kizazi, wote wana rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mmoja alishaanza mionzi. Ile ya nje huchukua kama wiki 5, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha hufuata ya ndani. Wiki ya tatu pesa ya kulala ikamwishia, mwenye chumba akamtolea begi nje, akapanda basi akarudi. Sasa anashinda barazani, kanga ameikunja mara nne na kuikalia, maana sakafu inamuuma. Na mionzi ikikatizwa, saratani hupata nafasi ya kuota upya.

Sasa la moyoni. Wapo waliotujibu kwa klipu ya simu: "Subirini, imetoka dawa ya virusi inayoua saratani." Ipo kweli, si uzushi. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha kirusi cha herpesi, kile cha malengelenge ya mdomoni, kilichopunguzwa makali maabara. Hudungwa kwenye uvimbe wenyewe. Seli yenye afya hukizima kirusi hicho. Seli ya saratani, ambayo ulinzi wake umeharibika, hushindwa, nacho huzaana humo mpaka ipasuke, na askari wa mwili huitwa kuja kumalizia. Lakini hiyo ni ya melanoma, saratani ya ngozi, tena si kila anayedungwa hupona. Mama zetu haiwahusu. Na kuna mtoto wa Uganda aliyeripotiwa mwaka 1971, uvimbe wake wa saratani ukanywea alipougua surua, nayo ni ya virusi; lakini jamani, asitokee mtu wa kumpelekea mgonjwa surua! Surua ya mtaani haijapunguzwa makali na mtu.

Basi aliyefunga mkoba akingoja virusi, tunamuuliza kwa heshima: mama yake angemwambia angoje?

Tunahitaji shilingi 1,800,000 za nauli, chumba na chakula. Mkononi tuna 640,000, nyingi zikiwa za kina mama wauza vitumbua. Wenye maduka bado hatujawaona.

Mhazini yupo barazani kila siku baada ya Alasiri, daftari liko wazi, risiti utapewa. Mapato na matumizi yatabandikwa ukutani kila Ijumaa. Asiye na pesa alete mchele au unga, au atupe jina la ndugu yake wa Dar mwenye chumba cha akiba.

Basi wanalipanda stendi ya Kange Jumapili alfajiri. Michango itufikie kabla ya Jumamosi jioni.