Usiwafunge kamba

Shoga yangu,

Sisi wazima, sijui nyie huko. Umeniuliza vita na utumwa nawafundishaje watoto wa darasa la tano wasisinzie. Ngoja nianze na aibu yangu.

Mwaka jana niliwafunga kamba mikononi, wakaigiza msafara wa watumwa uwanjani. Walicheka mpaka basi, nami nikajiona fundi. Kumbe aliyekuwa nyuma kabisa aliitwa “mtumwa” muhula mzima. Mama yake alipokuja shuleni sikuwa na la kumjibu.

Sasa hakuna anayeigiza mtumwa. Kamba ile tunaitandaza chini iwe njia ya kutoka Ziwa Nyasa hadi huku kwetu Kilwa: hatua moja kilomita 5, kuanzia mwembeni hadi karibu na choo cha wavulana. Ni zaidi ya hatua 100. Wanapiga hesabu wenyewe: kwa kilomita 15 kila siku, ni mwezi na zaidi. Hapo maswali yanakuja bila kuyaita. Walikula nini? Mgonjwa je? Tukifika mwaka 1873, soko la Zanzibar lilipofungwa, wanashangilia. Nawauliza mbona bara utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1922. Miaka 49! Kimya.

Majimaji, ile vita ya kumpinga Mjerumani, ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho. Ukitaja dawa ya mganga Kinjikitile, risasi kugeuka maji, darasa zima kicheko. Safari hii nikaanzia mbali. Tukalima matuta mawili, moja mchicha wao, jingine pamba ya “akida”, yule msimamizi aliyewekwa na Mjerumani. Kengele ya kupalilia ikilia, wote kwenye pamba kwanza, na muda ukiisha umeisha. Wiki ya tatu mchicha ulimezwa na magugu. Walinuna, wengine wakanisema kwa wazazi. (Mwalimu mkuu nilikuwa nimeshamweleza mapema, nawe fanya hivyo.)

Asubuhi moja nikakuta mashina mawili ya pamba yameng’olewa. Sikumuuliza mtu. Niliingia darasani nikawahadithia Nandete, kule Umatumbi, Julai 1905, watu walivyoanza vita kwa kung’oa pamba ya Mjerumani. Nikafika kwenye maji ya dawa. Hakucheka mtu. Msichana mmoja akanyoosha kidole: “Mwalimu, hata mimi ningeyanywa.”

Mbegu za pamba zimebaki kidogo. Akipatikana mtu wa kuja huko nitakutumia.

Wako,
shoga yako wa Kilwa